Nondo Mkubwa wa Usiku Si Adui wa Mahindi

Mvua zikianza, taa ya barazani huvuta wadudu wengi, na mara nyingine huja nondo mkubwa hata watoto wakadhani ni popo. Wapo wakulima wanaomwua upesi wakihofu kwamba atataga mayai katika mahindi. Hofu hiyo haina msingi, na anayenunua dawa kwa ajili yake anatupa fedha.

Nondo huyu, ambaye wataalamu humwita Bunaea alcinoe, ni wa jamii ya nondo wa hariri wa porini. Akitandaza mabawa, upana wake waweza kufika sentimita 16. Rangi yake ni kahawia, na katika kila bawa la nyuma pana duara la rangi ya machungwa mfano wa jicho. Dume ana papasi pana kama manyoya, na kwa hizo hunusa harufu ya jike gizani.

Ajabu ni kwamba nondo huyu hali kitu. Hana mdomo wa kulia. Huishi siku chache tu kwa mafuta aliyoyaweka mwilini alipokuwa kiwavi, atafute mwenzake na kutaga mayai, basi.

Mlaji ni kiwavi. Huyo ni mweusi, mnene kama kidole, mwenye miiba myeupe au ya manjano mgongoni. Anatisha, lakini miiba hiyo haina sumu; huko Kongo watu humla. Chakula chake ni majani ya miti kama mkinduri, wala si nafaka. Usimchanganye na kiwavijeshi, ambaye ni mdogo na hana miiba hiyo. Huyo ndiye mharibifu wa mahindi. Ukimwona, mwarifu afisa wa kilimo siku hiyo hiyo.

Pengine viwavi wa nondo huyu huwa wengi hata mkinduri ukabaki matawi matupu. Usiukate. Mti mkubwa wenye afya huchipuka tena. Kama ni mche, waokote kwa mkono.

Kiwavi akishiba hushuka, hujichimbia udongoni na kugeuka kitu cheusi, kigumu, kisicho na miguu. Hapo anatofautiana na wengi wa jamaa zake, maana hafumi kifuko cha hariri. Basi asije mtu akakuuzia mayai yake kwa ahadi ya nyuzi: hariri nyingi ya madukani hutoka kwa nondo mwingine, anayefugwa kwa majani ya mforsadi. Ukipalilia chini ya mkinduri ukamfukua mmoja, mfukie tena.