Kila Mmea Una Kwao

Wanaotaka ushauri wa maua ya ndani huanza karibu wote na swali moja: nimwagilie mara ngapi kwa wiki? Swali hilo halijibiki mpaka tujue mmea wenyewe umetoka wapi. Uliozaliwa jangwani na uliozaliwa kwenye jabali la msituni hainyweshwi kwa ratiba moja, hata ikikaa dirisha moja. Kwa hiyo kabla hujanunua chungu, mbolea au dawa, uliza kwanza kwao ni wapi. Bustani za mimea, zile ambazo miti yake huwa na vibao vya majina, zilianzishwa na watu waliolichukulia swali hilo kwa uzito, na sisi wenye vyungu vitatu barazani tuna haki ya kunufaika nazo.

Chukua saintpaulia, ua dogo lenye majani ya manyoya na rangi ya zambarau, waridi au nyeupe. Ulaya na Marekani linapatikana hadi kwenye maduka ya vyakula, na wapenzi wake wa Marekani wana chama chao tangu 1946. Kwao ni Tanga. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa huko, alilikuta likiota porini akampelekea baba yake Ujerumani. Baba akalifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akalieleza kitaalamu na kulipa jina la ukoo wa baba na mwana. Baadaye kampuni moja ya miche ya Los Angeles iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikachagua mimea 10 iliyoipendeza, ikaiingiza sokoni mwaka 1936. Sehemu kubwa ya maelfu ya aina zinazouzwa leo ina nasaba yake humo. Mwaka 2015 wanasayansi waliihamishia saintpaulia kwenye jenasi ya Streptocarpus, lakini wakuzaji wengi wameshikilia jina la zamani, nami nalishikilia.

Sasa tazama linavyoishi kwao. Huko Tanga, kwenye milima ya Usambara, hulikuti kwenye shamba lenye udongo mzito. Linashika miamba, mara nyingi karibu na kijito, chini ya miti mirefu. Mizizi yake ni mifupi na myembamba, imejibana kwenye nyufa zenye majani yaliyooza. Mvua ikinyesha, maji hupita na kwenda zake. Unyevu unaobaki ni wa hewani. Jua la mchana halilifikii ila kwa vipande vidogo vinavyopenya matawini.

Ukishaliona hivyo, ushauri wa nyumbani unajitokeza wenyewe. Weka chungu karibu na dirisha la mashariki, nyuma ya pazia jepesi. Majani yakirefusha vikonyo kuelekea kioo, mwanga hauutoshi mmea. Yakipauka na kujikunja katikati, umezidi. Watu wengi huhangaika na mbolea wakati mmea unachoomba ni kusogezwa nusu hatua.

Maji ndiyo huua saintpaulia nyingi, na huziua kwa wingi wake. Udongo ukilowa muda wote, mizizi hukosa hewa, kisha shingo ya mmea huoza, na majani hulegea. Mwenye mmea, akiona umelegea, hudhani una kiu na kuongeza maji. Gusa udongo kwa kidole: ukiwa umekauka juu, mimina maji kwenye sahani ya chini, subiri kama nusu saa, kisha yamwage yaliyobaki. Usitumie maji ya friji. Maji baridi yakiangukia jani lenye joto huharibu chembe zilizo chini ya ngozi yake, na baada ya siku chache jani hutoka madoa ya kahawia au njano ambayo hayaondoki tena. Wengi huyadhania ugonjwa na kwenda kununua dawa.

Udongo wa uani peke yake haufai. Changanya makumbi ya nazi yaliyosagwa, mboji iliyoiva vizuri, na mkaa uliopondwa au changarawe ndogo, ili maji yapite kama yapitavyo kwenye ufa wa mwamba. Chungu kiwe kidogo. Upana wake ukiwa theluthi moja ya upana wa majani yaliyotandaa, unatosha. Chungu kikubwa hutunza maji ambayo mizizi michache haiwezi kuyamaliza.

Joto linaloifaa zaidi ni kati ya nyuzi 18 na 24 za Selsiasi. Ndiyo maana mkazi wa Lushoto, Arusha au Nairobi hupata shida ndogo kuliko wa Dar es Salaam au Mombasa. Wa pwani asikate tamaa, kwa sababu saintpaulia za mwituni hazipo milimani tu. Zipo pia kwenye miamba ya nyanda za chini karibu na Tanga. Achague chumba kisicho na joto kali, chenye hewa inayotembea, mbali na upepo mkavu wa kiyoyozi.

Kuzalisha ndiko kunakonifurahisha kuliko yote. Kata jani lenye afya pamoja na kikonyo chake, urefu wa sentimeta tatu hivi, ukichomeke kwenye mchanganyiko uleule ukiwa na unyevu kidogo, kivulini. Mizizi hutoka baada ya wiki chache, na miezi miwili au mitatu baadaye vimea vidogo huchungulia chini ya jani. Jani moja la jirani linakupa mmea mzima, kwa hiyo hakuna sababu yoyote ya kuing'oa saintpaulia msituni. Nyingine zimebaki mahali padogo mno: Kenya, kwa mfano, zipo kwenye mlima Mbololo huko Taita na kwenye mwamba wa Cha Simba upande wa Kaloleni. Mahali kama hapo, kukata miti michache inayoutia mwamba kivuli kunaweza kuumaliza ukoo mzima.

Bustani inayoyafundisha haya kuliko zote ninazozijua ni ya Amani, Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 kama kituo cha utafiti wa kilimo. Wakaleta mimea kutoka pande nyingi za dunia, kuanzia mikwinini, viungo na kahawa hadi miti ya mbao, kuona nini kitakubali hapa. Waingereza wakaendelea nayo baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Palikuwa na faida, na palikuwa na gharama ambayo msitu unailipa hadi leo. Msizi, ambao kitaalamu ni Maesopsis eminii, una kwao Uganda, Kagera na misitu ya magharibi, na huko hauna neno. Ulipopandwa Amani, hondohondo na ndege wengine walikula matunda yake wakazitawanya mbegu, na palipokatwa magogo na kuacha mapengo, msizi ukajaza nafasi ya miti ya asili. Hali hiyo inamhusu pia mwenye bustani ndogo. Gugu maji lilipendwa kwa ua lake kabla halijatanda Ziwa Victoria. Ukipewa mche mgeni unaozaa matunda mengi ya kuvutia ndege, nawe unaishi kando ya msitu au mto, ukatae, au ukate maua yake kabla hayajazaa.

Ukitaka kwenda Amani, pitia Muheza, usimame Zigi kulipia kiingilio na kuomba mwongozaji. Ofisi ipo kwenye nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni ya reli ya Wajerumani. Machi hadi Mei barabara huteleza sana. Chukua daftari. Mbele ya kila mmea unaoutaka nyumbani kwako andika mambo manne: unapata jua saa ngapi, umesimama juu ya nini, maji yanakwenda wapi mvua ikikatika, na nini kinaota pembeni yake. Mwombe mwongozaji akuoneshe saintpaulia ikiwa mwambani, kisha chuchumaa uguse ule udongo kidogo inamoishi.