Rauta ya Zawadi kwa Fundi Seremala

Mlango wa paneli uliosimamishwa nje ya karakana mjini Morogoro humsemea fundi kabla yeye mwenyewe hajamkaribisha mteja. Mteja makini hutazama kona za paneli aone kama urembo umekutana sawasawa. Kisha hupitisha kidole pale bawaba ilipozama, ajue kama nafasi yake ilichimbwa kwa kipimo au kwa kubahatisha. Kazi hizo, pamoja na kuchimba mifereji ya kabati na kulainisha kingo za meza, ndizo kazi za rauta: mashine ya umeme inayoshikwa kwa mikono na kuzungusha biti yenye makali maelfu ya mara kwa dakika. Patasi na randa huweza kuzifanya pia, ila fundi atamaliza siku kwenye kazi ambayo rauta huimaliza kwa saa moja.

Kwa kijana aliyehitimu useremala katika chuo cha ufundi cha VETA Kihonda, au fundi aliyetoka kwa bosi wake na kufungua banda lake, ni zawadi chache zinazoishinda rauta. Mzazi, mjomba au rafiki anayetaka kuinunua anahitaji kujua mambo manne tu: kazi anazofanya fundi huyo, mbao anazotumia, umeme alionao na duka atakalorudi likitokea tatizo.

Chombo chenyewe kina zaidi ya karne moja. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, fundi Mmarekani R. L. Carter wa mji wa Syracuse alitengeneza mashine ndogo ya umeme ya kuchonga mbao, ikapendwa sana, na mwaka 1929 biashara yake ikanunuliwa na kampuni ya Stanley. Mwaka 1949 kampuni ya Elu ya Ujerumani ikaleta rauta ya kuzamisha, ambayo biti yake hushuka ndani ya ubao wakati mashine inazunguka na kupanda tena fundi akiiachia. Mpaka leo mnunuzi huchagua kati ya jamii hizo: isiyozama na inayozama.

Ndogo isiyozama, ambayo wauzaji huiita trima, inamfaa fundi wa kabati, vitanda na meza. Makita RT0700C ni mfano mzuri: ina wati 710, uzito wa takribani kilo 1.8, na kasi inayorekebishwa kutoka mizunguko 10,000 hadi 30,000 kwa dakika. Hushikwa kwa mkono mmoja, na inatosha kuviringisha kingo, kukata fomeka na kuchimba nafasi za bawaba. Ndugu yake, Makita 3709 ya wati 530, hubaki kwenye mizunguko 30,000 wakati wote, kwa hiyo ni ya biti ndogo tu. Biti yenye upana wa milimita 50 ikizungushwa kwa kasi hiyo ni hatari. Kasi inatakiwa ishushwe hadi karibu 16,000 au chini yake.

Fundi wa milango na fremu anahitaji inayozama. Bosch GOF 130, yenye wati 1,300 na kasi ya mizunguko 11,000 hadi 28,000, huchimba mfereji au tundu hatua kwa hatua bila kuielemea mota. Zile kubwa za wati 2,000 na kuendelea ni za karakana yenye meza ya rauta na oda nyingi za paneli. Kumpa mashine hiyo kijana anayeanza ni kumtwisha uzito ambao mikono yake bado haijauzoea.

Mbao nazo zina neno lake. Misitu ya asili ya Milima ya Uluguru imehifadhiwa, na ndiko vinakoanzia vijito vinavyojaza Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa mpaka Dar es Salaam. Fundi wa leo basi hutegemea zaidi miti ya kupandwa: mtiki wa Mtibwa na wa bonde la Kilombero, kote ndani ya mkoa wa Morogoro, na paini inayotoka kwenye mashamba kama Sao Hill kule Mufindi. Paini ni laini. Mtiki una chembechembe za silika ndani yake, nazo hula makali ya chuma upesi. Mvule huweza kuficha mawe magumu ya chokaa katikati ya mti, na jiwe moja linatosha kuvunja jino la biti.

Hivyo zawadi ya rauta bila biti nzuri ni nusu zawadi. Ziwe na ncha za kabaidi. Kwa kuanzia, nne zinatosha: ya kuchimba mfereji ulionyooka, ya kuviringisha kingo, ya urembo wa kona, na yenye beringi ya kufuata kiolezo. Seti ya biti thelathini za bei chee hupendeza ndani ya kasha, lakini huchoma mbao badala ya kuzikata.

Kabla ya kulipia biti, pima mdomo unaozishika, yaani koleti. Robo inchi ni milimita 6.35, si 6. Nusu inchi ni milimita 12.7, si 12. Biti ya milimita 6 kwenye koleti ya robo inchi haikamatwi sawasawa, na ikichomoka kwenye kasi hiyo inaweza kumjeruhi aliye karibu.

Ndugu walioko ng'ambo wawe waangalifu zaidi. Umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Marekani ni 120. Rauta iliyonunuliwa Chicago ikichomekwa moja kwa moja Morogoro itaungua. Hata Uingereza, ambako umeme wa nyumbani unafanana na wetu, mashine nyingi za maeneo ya ujenzi ni za volti 110 na hutambulika kwa plagi ya njano. Soma kibao cha mashine, usiliamini kasha.

Na kama fundi anaishi vijijini milimani, kule Mgeta, Matombo au Kinole, uliza umeme wake ukoje. Jenereta ndogo ya wati 1,000 haiwezi kuendesha rauta ya wati 1,300. Huyo atafaidi trima ya wati 500, au ya betri ya volti 18 kama Makita DRT50, hasa akiwa tayari na drili ya kampuni hiyo inayotumia betri zilezile.

Dukani, omba mashine iwashwe. Isikilize: mlio uwe mmoja, usiokwaruza. Ikizimwa na kuchomolewa kwenye umeme, shika koleti uitikise kushoto na kulia, ikicheza, irudishe. Weka rula chini ya kitako uone kama kimenyooka. Uliza kama kaboni za mota zinapatikana, kwa kuwa ndizo huisha kwanza. Mashine za chapa za Ingco na Total zina bei nafuu na zimeenea, na zinamfaa anayeanza, mradi duka litoe risiti na dhamana. Jina kubwa kwa bei ya kutupa ni dalili ya bidhaa bandia, na malalamiko ya namna hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC.

Kwenye kasha hilohilo weka miwani ya usalama, vizibo vya masikio na barakoa za vumbi. Mwaka 1995 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule huwaletea baadhi ya mafundi pumu na muwasho wa ngozi. Asiyewahi kushika rauta naye aelekezwe na fundi mzoefu: kwenye ukingo wa nje ulio mbele yake, mashine husukumwa kutoka kushoto kwenda kulia, la sivyo itamvuta.

Kama fedha haitoshi kwa vyote, punguza ukubwa wa mashine, usipunguze biti wala vifaa vya usalama. Trima ndogo ya kuaminika yenye biti nne za kabaidi itamwingizia fundi kipato mapema kuliko mashine kubwa inayosubiri biti.