Kujitengenezea CNC ya mbao: piga hesabu hizi kabla hujatuma hela China

Tangu niweke picha za vile vibao vya majina ya watoto, inboksi imejaa swali moja: "Kaka, mashine ya kuchonga hivyo ni bei gani, na mtu anaweza kujitengenezea?"

Kujitengenezea unaweza. Ila swali la kwanza siyo kama unaweza, ni kama oda zako zinailipa hiyo mashine. Somo la leo ni refu kidogo, kaa kitako.

Kwa wasioijua: CNC ruta ni ileile ruta ya fundi seremala, ile anayoshika mkononi kuchonga kingo za mlango. Tofauti ni kwamba hapa imefungwa kwenye fremu, na mota ndizo zinazoisogeza kulia na kushoto (X), mbele na nyuma (Y), juu na chini (Z). Kompyuta inaamuru, mota zinatii. Ukichora jina "Nasra" kwenye laptopu, linatoka kwenye mninga vilevile, na la kesho linatoka sawa na la leo. Hapo ndipo biashara ilipo, maana mteja wa mtandaoni anataka kitu kama cha kwenye picha.

Mimi sijasomea uhandisi, nimeishia kidato cha nne. Haya nimeyapata kwa kusoma, kuangalia video usiku bando likiwa la bei rahisi, na kukaa karakanani kuwauliza mafundi hadi wakanichoka.

TUANZE NA HELA

Kwa sasa vibao vyangu nachongewa kwenye karakana moja yenye mashine kubwa. Kazi yao nzuri, shida ni foleni. Akija mtu wa milango ishirini, mimi wa vibao vitano nasogezwa pembeni. Kuna oda ya harusi ilitoka siku mbili baada ya harusi. Hela nilirudisha, lakini yule dada hajanunua tena kwangu, na ndugu zake nao sijawaona.

Kila kibao nawalipa 9,000. Nikiwa na mashine yangu, nimekadiria umeme, biti zinazoisha, msasa na akiba ya matengenezo, ikaja kama 2,500 kwa kibao. Kwa hiyo kila kibao kinaniokolea 6,500. Bajeti yangu ya mashine nzima ni 2,900,000, kwa bei nilizopewa mimi. Wewe uliza zako, bei hazitulii.

Nikichonga vibao 40 kwa mwezi, naokoa 260,000, mashine inajilipa kwa miezi kumi na moja na kidogo. Nikichonga 15 tu, naokoa 97,500, hapo ni karibu miaka miwili na nusu. Mashine ileile, hela ileile, kilichobadilika ni oda.

Fungua daftari lako uhesabu oda za miezi sita iliyopita, zile zilizolipwa. Wale wa "bei gani?" halafu kimya usiwahesabu. Kama ni vibao kumi kwa mwezi, bana, endelea kuchongesha kwa watu na hiyo hela iweke kwenye mzigo. Usione haya.

UKUBWA UNATOKANA NA UNACHOUZA

Kila mtu anaota mashine ya kuweka plaiwudi nzima, futi 4 kwa 8. Swali ni je, unauza nini? Mimi kitu changu kikubwa kabisa ni saa ya ukutani ya sentimita 50. Mashine yenye eneo la kuchonga la sentimita 60 kwa 60 inanitosha, na chumba changu kinaimeza.

Ukubwa una gharama ambayo haionekani kwenye bei. Ile boriti inayobeba ruta ikiwa ndefu inapinda. Na haipindi kwa kiasi kilekile: ukiongeza urefu mara mbili, kwa chuma kilekile na mzigo uleule, kupinda kunaongezeka mara nane. Ndiyo maana mashine ya sentimita 60 iliyo imara haiwi ya sentimita 120 kwa kununua chuma kirefu tu. Inabidi chuma kiwe kinene na kirefu kwenda juu, na mota zinazosukuma uzito huo nazo ziwe na nguvu zaidi.

Upande wa pili kuna zile mashine ndogo za China zinaitwa 3018, eneo la milimita 300 kwa 180. Bei yake inavutia. Kwa kujifunzia nzuri, kwa kuandika majina juu juu nzuri. Kwa uzalishaji, hebu tupige hesabu.

Tuseme unachimba trei yenye shimo la milimita 200 kwa 150, kina milimita 6. Biti ya milimita 6, kila mstari unasogea milimita 2.4. Safari nzima ya biti kwa tabaka moja ni kama mita 12.5. Mashine imara inakwenda milimita 1,500 kwa dakika na inakula milimita 2 kwa tabaka, hivyo matabaka ni matatu, jumla dakika 25. Mashine dhaifu ukiiendesha milimita 400 kwa dakika, nusu milimita kwa tabaka, ni matabaka 12, kila moja dakika 31. Hiyo ni saa sita na robo kwa trei moja! Mteja anataka trei nne Ijumaa.

FREMU NDIYO MASHINE

Watu wengi wanahangaika na mota na waya, wakati kinachoharibu kazi ni fremu inayotikisika. Biti ikigusa mbao ngumu kama mkongo au mtiki, kila kilicholegea kinacheza, na unaona mawimbi kwenye herufi.

Kuna wanaotengeneza fremu kwa MDF, kuna wanaotumia alumini zenye mifereji, na kuna wanaotumia chuma cha skwea paipu. Mimi nimechagua chuma, kwa sababu kinapatikana kila mtaa na mafundi wa kuchomelea ni wengi. MDF ni rahisi lakini inanyonya unyevu na kuvimba, na kwa joto letu la Dar na mvua za masika sioni ikikaa kwenye vipimo. Alumini ni safi, ila bei yake ukijumlisha na kusafirisha inauma.

Tahadhari moja kwa chuma: moto wa kuchomelea unakivuta kinapinda. Mwambie fundi achomelee vipande vifupi vifupi, akibadilisha pande, na pale panapofungwa reli tumia bolti ili uweze kurekebisha. Ikishapoa, pima pembe kwa pembe kwa tepu. Mistari miwili ya kukatiza ikilingana, na pande zinazotazamana zikilingana, fremu yako iko mraba. Ikipishana, usifunge kitu chochote, mrudishie fundi.

Kwenye reli usibane hela. Kuna za duara zenye kishikizo chini na kuna za bapa za mraba. Za bapa ni imara zaidi, ila zinataka sehemu iliyonyooka sana. Kwa skrubu ya kusukuma, zile za gololi ni ghali kuliko skrubu za kawaida lakini hazichezi mwende-rudi. Yenye namba 1605 maana yake unene milimita 16, na ikizunguka mara moja inasogea milimita 5.

MOTA, NA HAPA WAUZAJI WANACHANGANYA WATU

Mota zinazotumika ni za stepa. Utaambiwa "chukua NEMA 23, ina nguvu". Hiyo 23 siyo nguvu, ni ukubwa wa uso wa mota, inchi 2.3. Nguvu inasomwa kwenye Nm, na NEMA 23 zipo dhaifu na zipo za nguvu. Uliza Nm, uliza ampea, halafu angalia draiva yako inaweza kutoa ampea hizo.

Mota ya kawaida inapiga hatua 200 kwa mzunguko. Draiva ukiiweka igawe kila hatua mara 8, zinakuwa 1,600. Skrubu yako inasogea milimita 5 kwa mzunguko, kwa hiyo 1,600 gawa kwa 5 ni hatua 320 kwa milimita. Namba hiyo ndiyo unayoingiza kwenye mashine. Ukikosea hapo, kibao cha sentimita 30 kinatoka cha sentimita 15.

Ubongo wake ni kadi ya Arduino Uno yenye programu ya bure inaitwa GRBL. Ni kidude kidogo tu cha kukaa kiganjani, ndicho kinachosoma maelekezo yanayoitwa G-code na kuyageuza kuwa hatua za mota.

KICHWA CHA KUCHONGEA

Hapa kuna njia mbili. Ya kwanza ni ruta ndogo ya mkononi ya wati 700 hivi, unaifunga kwenye mashine. Ni rahisi, ikifa unanunua nyingine mjini. Ubaya wake ni kelele, na kaboni zake zinaisha ukifanya kazi mfululizo. Ya pili ni mota maalum ya spindo yenye kifaa chake cha kuendesha, kilowati 1.5 au 2.2. Ni tulivu na ya kazi ndefu, ila ni hela nyingine. Ukiagiza, hakikisha umeandikiwa volti 220, maana zinauzwa na za 110. Na ya kilowati 2.2 inavuta zaidi ya ampea 10, usiichomeke kwenye ekstensheni moja na feni na pasi.

Mimi naanza na ruta ndogo. Nikifikisha vibao 60 kwa mwezi nitabadilisha.

Kitu kidogo kinachoumiza: angalia mdomo unaobana biti. Ruta nyingi zina mdomo wa robo inchi, yaani milimita 6.35. Biti ya milimita 6 ukiiweka humo haibanwi vizuri, inaweza kuchomoka ikiwa inazunguka mara elfu ishirini kwa dakika. Nunua mdomo unaolingana na biti.

UMEME, VUMBI NA MAJIRANI

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine inasahau ilipokuwa. Weka swichi za mwisho kwenye kila upande ili ikiwaka irudi pembeni na kujipanga upya, na uandike kwenye daftari umbali kutoka pembeni hadi pale ulipoanzia kazi. Ukiwa na namba hizo unaweza kuokoa kibao. Laptopu nayo izime ile tabia ya kulala yenyewe. Ikilala, kazi imesimama, biti inazunguka palepale na mbao inaungua.

Biti butu ikisugua sehemu moja ndani ya vumbi inaweza kuwasha moto kweli. Usiwashe ukaenda kula. Weka kitufe kikubwa chekundu cha kuzima kila kitu mahali ambapo mkono unafika bila kupita juu ya mashine. Usivae glavu ikiwa inazunguka. Vumbi la mbao husababisha saratani, hili siyo la kutishana, kwa hiyo barakoa nzuri na kifyonza vumbi viwe ndani ya bajeti. Na kama umepanga chumba uswahilini, ongea na mwenye nyumba kwanza. Mimi tumekubaliana mwisho saa kumi na mbili jioni, Jumapili hapana.

CHA KUANZA NACHO LEO, BURE

Kuna kazi tatu za kompyuta: kuchora, kugeuza mchoro kuwa njia ya biti, na kuituma kwenye mashine. Kuchora natumia Inkscape. Kugeuza, FreeCAD inafanya. Kutuma, kuna Universal Gcode Sender. Zote ni za bure. Jifunze hizi kabla ya kununua hata bolti moja. Tengeneza faili lako mwenyewe, lipeleke kwenye karakana yenye CNC, waambie wewe unalipia muda wa mashine tu. Mashine zao zinaweza kutaka faili la aina yao, waulize. Ukiona umeshindwa kukaa na programu kwa mwezi mmoja, umejiokolea milioni karibu tatu.

Baada ya hapo, nunua kwa mpangilio huu: fremu, kisha reli na skrubu, kisha mota na umeme wake, mwisho ruta na biti. Usiagize vyote pamoja, kwa sababu vipimo vya fremu iliyokamilika ndivyo vinavyokuambia reli ziwe na urefu gani. Na ukiomba bei kwa wakala wa mizigo, muulize kama ushuru umo ndani. Skrubu na mota ni vitu vizito, kwa ndege unalipia kila kilo. Mimi zangu zitapanda meli.

Fremu yangu iko kwa fundi, anasema Jumamosi. Nikishapima pembe kwa pembe nitaweka vipimo hapa, pamoja na orodha ya bolti. Mwenye 3018 na anayeitumia kwa biashara, tuandikie hapo chini unachonga nini na inakuchukua muda gani.