Tinti ya Gari: Ujifanyie Mwenyewe ama Umlipe Fundi? Rada Kamili Kutoka Kabati

Kama umewahi kuacha ndai nje ya soko pale Kabati saa saba mchana, alafu ukarudi kuingia ukiwa na kaptula, unajua vile kiti kinakukaribisha. Usukani haushikiki, simu ilibaki kwa dashi imezima yenyewe, na mtoto nyuma anauliza mbona tusitembee tu. Hapo ndio kila msee huanza kuwaza kitu moja: tinti.

(Kabati yenyewe ni yetu ya Kitui West, si ile ya Murang'a. Ukitoka Kibwezi kule Makueni ukapita Kitui ukielekea Migwani, tuko hapo katikati na jua letu.)

Swali huwa ni lile lile. Ununue karatasi ya tinti ujibandikie mwenyewe Jumapili, ama utafute ganji umpelekee fundi? Wasee wa mtandao watakuambia ni rahisi, video ni dakika kumi. Wasee wa garage watakuambia usijaribu. Wote wanadanganya kidogo. Acha nikuchanue.

Kwanza, nilichoma

Nitaanza na aibu yangu. Vitz ya bro yangu ndio ilikuwa ya kwanza. Nilinunua roli ya bei ya chini kabisa, nikachukua wembe, chupa ya maji na draya ya dada yetu ya nywele. Vioo vya milango vilikubali, si vibaya sana. Kioo cha nyuma kilinitoa jasho. Kile kioo kimejipinda kama bakuli, na karatasi imenyooka kama daftari. Nilivuta huku ikakunja kule. Nilipojaribu kuibandua na wembe, nikakata zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu. Mpaka leo asubuhi ya baridi bro hupangusa hicho kioo na soksi.

Lakini hiyo si ndio sehemu mbaya. Nilikuwa nimeweka giza hadi vioo vya mbele, kwa sababu luku ni luku. Wiki hiyo hiyo tukitoka Kitui usiku, nikaingiza gari kwa njia ya nyumbani. Mzee mmoja alikuwa anakuja na baiskeli upande wangu, bila taa. Sikumwona kabisa. Kilichotuokoa ni kwamba nilikuwa nimeshusha kioo kidogo nikasikia kengele. Nilibandua tinti ya mbele kesho yake asubuhi, kabla ya chai.

Kwa hivyo hii si story ya urembo peke yake.

Giza si baridi

Hapa ndio wengi hupigwa. Karatasi ikiwa nyeusi zaidi haimaanishi gari itakuwa baridi zaidi. Kuna aina kadhaa:

Ya rangi tu. Hii ndio ya bei rahisi. Inapunguza mwanga machoni na kukupa luku, lakini joto nyingi inaimeza na kuirudisha ndani pole pole. Ikipigwa na jua la Ukambani kwa muda, rangi inakufa na kioo kinageuka zambarau. Umeona hizo gari, usijifanye.

Ya chuma. Ina vipande vidogo sana vya madini vinavyorudisha joto nje. Inafanya kazi, lakini inaweza kusumbua mawimbi ya simu na redio.

Ya kaboni. Haipauki haraka na haisumbui mawimbi.

Ya seramiki. Hii ndio bei yake inauma. Lakini inaweza kuwa nyepesi unaona kila kitu, na bado ikazuia joto kuliko ile nyeusi ya bei rahisi.

Yaani kama shida yako ni joto, usinunue giza. Nunua ubora. Karatasi nzuri huzuia hadi asilimia 99 ya ile miale inayochoma ngozi na kupasua dashi, hata kama haina rangi kali.

Hesabu ya mwanga ambayo hakuna mtu hukuambia

Kwa boksi ya tinti utapata namba: 50, 35, 20, 5. Hiyo ni asilimia ya mwanga unaopita. Namba ikiwa ndogo, giza ni kubwa. 5 ni ile ya mabosi wa sinema.

Lakini kioo cha gari chenyewe si safi asilimia mia. Kama kioo chako kinapitisha asilimia 78, ukiweka karatasi ya 35, haubaki na 35. Unazidisha: 78 mara 35, gawa kwa mia. Unabaki na karibu 27. Ukiweka ya 20 unabaki na kama 16. Ukiweka ya 5 umebaki na 4, na hapo usiku unaendesha kwa imani.

Sasa angalia gari zetu nyingi, Fielder, Vitz, Noah, zinazotoka Japani. Nyuma ziko na kioo cha giza kutoka kiwandani, mbele ni safi. Wajapani hawakusahau. Kwao windskrini na vioo vya milango ya mbele vinatakiwa vipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga. Uingereza ni hivyo hivyo, 70 kwa milango ya mbele na 75 kwa windskrini kwa magari ya miaka hii. Wale watu wako na taa za barabarani kila mahali. Sisi ukitoka tu stage ya Kabati usiku, taa ni zako pekee, na mbele yako kuna boda haina taa ya nyuma, punda, na susu ya mtu anarudi nyumbani na kikapu.

Na karao je?

Kama gari yako inabeba abiria wa kulipa, hii sehemu soma mara mbili. Sheria za trafiki za Kenya hazitaki tinti kwa gari ya abiria, iwe vioo vya kando ama windskrini. Msee ananunua gari ya kupiga squad Kabati–Kitui, kitu ya kwanza anaenda kuweka giza ndio ikae fiti. Umejitengenezea sababu ya kusimamishwa kila roadblock, na hautakuwa na jibu.

Kwa gari ya kibinafsi, kumbuka historia. Mei 2014, baada ya mabasi kulipuliwa Thika Road, tinti iligeuka kuwa suala la usalama na polisi wakaamuru zibanduliwe. Karao akishindwa kuona ndani, anataka kujua unaficha nini. Na sheria inasema gari isiwe katika hali ya kuhatarisha watu barabarani. Kioo ambacho wewe mwenyewe hauoni nje usiku, utakitetea vipi?

Ukitaka kujifanyia, hivi ndio hufanywa

Kama mfuko hauruhusu fundi, ama unapenda tu kushika kazi, inawezekana. Lakini fuata mpango.

1. Chagua saa na mahali. Adui wako namba moja hapa kwetu ni vumbi. Usifanyie kando ya barabara, usifanyie kwa upepo wa mchana. Asubuhi mapema, ndani ya nyumba ama chini ya mabati, mwaga maji chini kwanza vumbi ilale.

2. Pima kabla ununue. Roli nyingi za kujifanyia ni sentimita 50 kwa mita 3. Kioo cha mlango kina sehemu imefichwa ndani ya mlango, na hiyo pia inataka kufunikwa. Ongeza sentimita kadhaa kila upande.

3. Osha kioo kama unaosha kwa hasira. Tinti inabandikwa ndani ya kioo, si nje. Kwa hivyo ndani ndio kusafishwe: maji, matone machache ya shampuu ya mtoto, wembe mpya kukwangua uchafu. Usitumie sabuni za vioo zenye amonia, zinaharibu gundi na rangi.

4. Kata kutoka nje. Nyunyizia kioo maji upande wa nje, weka karatasi hapo ukipima umbo, ule utando safi ukikuangalia. Kata ukiacha nafasi ndogo.

5. Bandika kwa maji mengi. Nyunyizia kioo ndani, nyunyizia mikono yako, toa utando huku ukinyunyizia upande wa gundi. Maji ndio hukupa nafasi ya kusogeza. Wasee huogopa maji, ndio maana karatasi huwashika mahali mbaya.

6. Sukuma kutoka katikati kwenda nje na kipande cha mpira. Juu acha nafasi ya milimita moja ama mbili, ndio karatasi isikwaruzwe kioo kikipanda. Chini iingize ndani ya mpira wa mlango.

7. Usishushe kioo siku tatu hadi tano. Hapa ndio watu huchoma kazi yote. Umemaliza, imekaa poa, boyz wanakusalimia unashusha kioo uwajibu. Karatasi inabanduka papo hapo. Wajibu na honi.

Ukiona ukungu ama vijipovu vya maji siku za kwanza, tulia, jua litakausha. Lakini povu lenye kitone cha mchanga katikati halitatoka. Hiyo ni vumbi, na utaliangalia mpaka uuze gari.

Unamlipia fundi nini hasa?

Si kubandika. Kubandika umeona ni hatua saba. Unamlipia kioo cha nyuma. Fundi anayejua hukausha karatasi na mashine ya hewa moto juu ya kioo upande wa nje, inajikunja taratibu mpaka ishike umbo la kile kioo, ndio anaingiza ndani ikiwa kipande kimoja. Hiyo kazi inataka mkono uliozoea. Draya ya saluni inaweza kusaidia, lakini ukizidisha joto karatasi inaungua, ukipunguza inakunja.

Pia unamlipia kubandua ya zamani. Tinti nzee ikitolewa na wembe kwa kioo cha nyuma, zile nyaya zinakwenda nayo. Fundi hutumia mvuke ama joto, gundi inalegea, anavuta pole pole.

Lakini si kila mtu mwenye roli ni fundi. Kama anafanya kazi kando ya barabara vumbi ikipita, hapo umelipa mtu akufanyie makosa yako mwenyewe. Iwe ni Kitui town, Machakos, ama umefika Kirinyaga Road pale Nairobi, muulize haya:

- Karatasi ni ya aina gani, na naweza kuona boksi?
- Inazuia joto kiasi gani, si giza kiasi gani?
- Naweza kuona gari ulifanya mwaka jana, si ya jana?
- Ikitoa mapovu ama ikigeuka rangi, unarudia bila malipo? Niandikie kwa risiti.

Akianza kukasirika swali la pili, sema asante uende. Fundi wa ukweli hupenda hayo maswali, kwa sababu ndio yanamtofautisha na wengine.

Hesabu ya doo

Wasee hulinganisha bei ya roli na bei ya fundi, alafu wanasema kujifanyia ni nusu bei. Hesabu vizuri. Mfano tu: roli moja thao, wembe, mpira na shampuu mia tano. Uko thao na nusu. Ukiharibu kioo kimoja, na mara ya kwanza lazima uharibu, unanunua roli ya pili. Uko elfu mbili na nusu, na Jumapili yako imeisha. Baada ya mwaka ya bei rahisi imepauka, unalipa mtu kuibandua, alafu unalipa tena kuweka ingine. Rahisi imekuwa ghali. Wahenga walishasema, sisi ndio hatuskii.

Sasa uamuzi?

Watu hufanya hii kitu kama ni timu mbili, timu jifanyie na timu fundi. Mimi nakuambia usichague timu, chagua kioo.

Vioo vidogo vya milango ya nyuma, vilivyonyooka: jaribu mwenyewe. Ukiharibu, hasara ni kipande cha karatasi.

Kioo cha nyuma kilichojipinda chenye nyaya: mpe fundi. Hicho ukiharibu haununui karatasi, unanunua kioo.

Milango ya mbele: kama lazima, weka karatasi nyepesi ya kuzuia joto, na muulize fundi asilimia utakayobaki nayo baada ya kuzidisha. Windskrini iachwe. Tayari imetengenezwa kwa tabaka mbili zinazozuia sehemu kubwa ya ile miale. Ukiegesha mchana, kinga ya kukunja nyuma ya windskrini itakusaidia kuliko giza lolote.

Na kabla ujisifu kazi imetoka fiti, ngoja saa mbili usiku. Zima taa za nyumba, kaa kwa kiti cha dereva, mwambie mtu avae nguo nyeusi atembee kando ya gari, mbele mpaka nyuma. Kama alipotea hata sekunde moja, bandua hicho kioo. Yule mzee wa baiskeli bado hupita njia hiyo hiyo kila jioni, na bado hana taa.