Je, Wajua? Tundu la Msumari Huchora Jua

Je, wajua kwamba saa sita mchana upinde wa mvua hauonekani Nairobi, hata jua na mvua vikiwa pamoja? Upinde hutokea nyuzi 42 kutoka kilipo kivuli cha kichwa chako. Jua likipanda kupita nyuzi 42, upinde wote huzama chini ya upeo wa macho. Hapa karibu na ikweta jua hupanda upesi, kwa hiyo kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri usijisumbue kuutafuta. Manyunyu ya saa kumi na moja jioni ndiyo yenyewe: ukishuka matatu Buruburu, lipe jua kisogo, utazame upande wa Kayole.

Rangi zinazoelea kwenye vidimbwi vya Kariobangi Light Industries, oili inapomwagika, zina asili nyingine. Mwanga hurudishwa na uso wa juu wa oili, na tena pale oili inapogusana na maji. Miali hiyo miwili ikikutana, rangi nyingine hukolea na nyingine hufutana. Utando wenyewe haufiki unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita.

Na kioo cha matatu usiku? Hurudisha kama asilimia 8 tu ya mwanga, usiku na mchana. Giza la nje ndilo linalokuonyesha uso wako. Kwa taa za matatu za Umoja, utajiona vizuri kuliko utakavyoiona steji yako.

Linalonistaajabisha zaidi limo ndani ya nyumba za mabati. Tundu la msumari paani laweza kuwa limechanika ovyo, lakini jua la utosini likipenya, doa linaloanguka sakafuni ni la mviringo. Doa hilo ni picha ya jua lenyewe! Paa likiwa mita 2.5 juu, picha huwa na upana wa sentimita 2 na ushei. Jua likiinama, hurefuka. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Misri karibu mwaka 1040, aliandika risala nzima kuhusu jambo hili: jua likipatwa, doa hugeuka hilali. Paa lenye matundu ishirini litakupa hilali ishirini.

Tarehe 2 Agosti 2027, mchana, sehemu ya jua itafunikwa na mwezi hapa Nairobi. Mawingu ya Agosti yakituhurumia, usilikodolee jua macho, tazama sakafu. Unaishi nyumba ya mawe? Toboa kadibodi kwa msumari mwembamba, uishike mita moja juu ya karatasi nyeupe.