Jawabu la Mwenye Kujishuku

Shaka ya mtu juu ya nafsi yake, ile imfanyayo ajione hafai mbele ya Mungu wala hana mahali miongoni mwa watu, si jambo geni katika Maandiko, wala waliopatwa nayo hawakuwa wanyonge wa imani peke yao. Musa, alipotumwa kwa Farao, aliuliza yeye ni nani hata aende. Gideoni alitoa udhuru kwamba jamaa yake ni maskini na yeye ni mdogo katika nyumba ya baba yake. Yeremia naye alisema hajui kunena, kwa kuwa angali mtoto. Hakuna hata mmoja wao ambaye udhuru wake ulijibiwa kwa kuhesabiwa vipawa vyake. Wote watatu waliahidiwa kwamba Mungu atakuwa pamoja nao. Na Musa alipozidi kusita, alipewa tena Haruni, ndugu yake, awe naye njiani.

Katika jawabu hilo mna hekima kubwa. Mwenye kujishuku akiambiwa ajisifu, hurudi kwenye mizani ile ile iliyomhukumu jana, na kesho akikosea, humhukumu tena. Imani humtoa katika kujipima, ikamweka katika kupendwa. Na kwa kuwa binadamu ni mwili pamoja na roho, mapenzi hayo ya Mungu humfikia aghalabu kwa mikono na nyuso za wenziwe.

Jambo hili lilidhihirika katika ule Uamsho wa Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Septemba, mwaka 1929, Joe Church, tabibu wa Kiingereza aliyekuwa akihudumu katika misheni ya Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho, kwa maana njaa kali ilikuwa imeikumba Rwanda, kazi imemwelemea, na moyo wake mwenyewe aliuona mkavu. Katika mlima wa Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu kama yake, wakakaa pamoja kusoma Biblia na kuomba. Zama zile za ukoloni, ambapo Mzungu alizoea kufundisha na Mwafrika kufundishwa, wawili hao waliketi wote wakiwa wahitaji. Kutokana na urafiki huo, na kwa juhudi za watu kama Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, aliyefanya kazi Gahini na kufariki mwaka 1936, na Yosiya Kinuka wa hospitali ya hapo, uamsho ulienea katika miaka ya 1930 hadi Uganda, Kenya na Tanganyika.

Desturi ya watu wa uamsho huo ilikuwa kukutana mara kwa mara, kusoma neno, kisha kila mmoja kuungama waziwazi yaliyomlemea. Na hilo waliliita kutembea katika nuru, kwa kufuata waraka wa kwanza wa Yohana. Mwenye kujishuku huishi na hofu ya siri, akiamini kwamba watu wangemjua alivyo, wangemkataa. Kwa hiyo sifa hazimponyi, maana huona zinamwendea yule wanayemdhania, si yeye. Lakini aliyekwisha kutaja aibu yake kwa kinywa chake, kisha akakumbatiwa na kuimbiwa na wale wale waliomsikia, hofu ile imemwishia hoja. Tangu hapo aliitwa ndugu, awe wa kabila lolote. Na undugu huo ulisimama katika posa, katika ugonjwa na katika mazishi. Nguvu yake ilipimwa nchini Kenya wakati wa vita vya Mau Mau, ambapo wengi wa ndugu hao walikataa kula kiapo cha wapiganaji, na wako waliouawa kwa sababu hiyo.

Haifai, hata hivyo, kuungama kufanywe sharti la kulazimishana, kwa kuwa siri iliyotolewa kwa nguvu huzaa aibu mpya; wala haifai tumwache bila tabibu yule ambaye huzuni imemnyang'anya usingizi na hamu ya kuishi, kwa kudhani kwamba sala na dawa ni maadui.

Basi, ajapo mtu kanisani akisema hastahili kuwapo, tusishindane naye kwa maneno ya kumsifu. Tumketishe karibu, wazee na viongozi watangulie kukiri uhitaji wao, ili naye asione kwamba ni yeye peke yake mwenye udhaifu, tumzuru nyumbani kwake, naye tumpe kazi halisi ya kuwatumikia wengine. Usharika unaojua majina ya watu wake lakini haujui mizigo yao umefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo anayoingoja mwenye shaka.