Anayesoma Maombi Yako Hakujui

Kuanzia Agosti, dirisha la ufadhili wa Chevening linapofunguliwa, hadi Desemba na mwanzoni mwa Januari, vyuo vingi vya Marekani vinapofunga maombi ya uzamivu, wahitimu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala huwa katika pilikapilika zilezile. Wanafuatilia nakala za matokeo kwa msajili, wanawatafuta walimu waliowafundisha, wanaandika insha usiku baada ya kazi. Mimi niko upande wa pili wa shughuli hiyo: naandika barua za mapendekezo na kusoma maombi. Kinachoniuma ni kuona vijana wenye uwezo mkubwa wakikosa nafasi kwa sababu waliandika kana kwamba msomaji anawafahamu.

Msomaji huyo yuko Uppsala au Ohio. Hajui kwamba mwalimu wako wa takwimu alikuwa bahili wa alama kuliko wote kitivoni, wala kwamba uliandika tasnifu ukiwa unafundisha tuisheni ili ulipe kodi ya chumba. Ana rundo la maombi mezani na dakika chache kwa kila moja. Kila karatasi unayomtumia ina kazi moja tu, kumwezesha mtu huyu asiyekujua aione kazi yako.

Chukua matokeo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alama A huanzia 70. Makerere huanzia 80. Marekani, mwanafunzi aliyepata 70 kwa kawaida ana C, hivyo 72 yako ya takwimu, iliyokuweka miongoni mwa watatu bora wa darasa, huko inaweza kusomeka kama ya mtu aliyeponea chupuchupu. GPA nayo ina mtego wake. Tanzania tunapima kwa 5, ambapo daraja la kwanza huanzia 4.4 na daraja la pili la juu 3.5, Wamarekani wanapima kwa 4. Waombaji wengi hujipigia hesabu wenyewe, wakaigeuza 3.9 kuwa 3.1, na hapo wamejishusha bila kulazimishwa na mtu. Usibadilishe chochote isipokuwa fomu imekutaka. Andika "3.9 kati ya 5.0, daraja la pili la juu", kisha hakikisha umeskani na ule upande wa nyuma wa nakala ya matokeo wenye maelezo ya madaraja. Upande huo husahaulika mara nyingi mno, na ndio unaomfundisha mgeni kukusoma.

Jambo la majina nalo linaonekana dogo mpaka likukwamishe. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, shahada ina matatu, pasipoti imeweka la babu mbele, na aliyeolewa ana la mume. Kwetu hakuna anayeshangaa. Kwa ofisi ya udahili ya ng'ambo hao ni watu wawili au watatu tofauti. Tafuta hati ya kiapo au ya kubadili jina miezi kadhaa kabla, kisha utumie majina kama yalivyo kwenye pasipoti katika kila fomu, mtihani wa Kiingereza ukiwemo. Matokeo ya IELTS au TOEFL hukubaliwa kwa miaka 2, kwa hiyo hakuna haja ya kuungoja mtihani huo hadi mwezi wa mwisho.

Sasa barua za mapendekezo, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazopuuzwa zaidi. Barua ya kawaida inayotoka vyuoni kwetu husema mwanafunzi ana nidhamu, ana bidii, anashirikiana vizuri na wenzake, na kwamba chuo kinamtakia kila la heri. Yote ni kweli na hayamsaidii. Msomaji anatafuta mtu aliyemwona huyu kijana akifanya kazi ya kichwa: alirudia kipimo mara tatu kwa kuwa matokeo hayakumridhisha, au alibishana na mwalimu juu ya njia ya sampuli na akawa na hoja. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia tatu darasani hawezi kukumbuka hayo peke yake. Ni wajibu wako kumkumbusha.

Kwa hiyo usiende kwa profesa na ombi tupu la "naomba barua". Mwendee wiki sita kabla, kwa adabu zote anazostahili, ukiwa na faili: nakala ya matokeo, tasnifu yako, rasimu ya insha, orodha ya vyuo pamoja na tarehe zake, na ukurasa mmoja unaoeleza ulifanya nini hasa katika kozi yake. Kama mwalimu anajua umeshika nafasi ya ngapi darasani, mwombe aitaje, maana sentensi hiyo inaeleweka Nairobi na inaeleweka Boston. Hakikisha atatuma kwa anwani ya barua pepe ya chuo, kwa sababu barua inayotoka kwenye anwani ya bure huzua mashaka. Fomu nyingi za Marekani zitakuuliza kama unaacha haki yako ya kuisoma barua hiyo. Kubali kuiacha, kwani kamati huiamini zaidi barua ambayo mwombaji hakuiona.

Kuna walimu watakaokwambia, "Andika wewe, mimi nitasaini." Najua wana shughuli nyingi. Hata hivyo barua tatu zenye sauti moja hugundulika upesi, na vyuo vingi vinalihesabu jambo hilo kuwa udanganyifu. Mjibu kwa upole kwamba utamletea maelezo yote kwa nukta, naye ataunganisha kwa maneno yake. Akikataa, tafuta mwingine, hata kama cheo chake ni kidogo. Barua ya mhadhiri msaidizi aliyekaa nawe maabara ina uzito kuliko ya mkuu wa kitivo anayekujua kwa jina tu.

Insha ya maelezo binafsi ndipo penye utamu, na ndipo wengi huanguka. Tuseme mwombaji amesomea uhandisi wa maji, na alifanya tasnifu yake Arumeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambako floridi katika vyanzo vingi huzidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachoshauriwa na WHO, na meno ya watoto hugeuka kahawia. Rasimu ya kwanza huanza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya kuisaidia jamii yangu kupata maji safi na salama." Hakuna mtu duniani anayependa maji machafu. Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na mwombaji yeyote, wa nchi yoyote.

Mwombaji huyohuyo akikaa chini akafikiri, anaweza kuandika hivi: "Nilipima floridi katika visima 11 vya kata moja. Visima viwili, vilivyoachana kwa chini ya mita 300, vilitofautiana mara nne. Nilirudia vipimo wakati wa mvua na tofauti ikabaki. Sikuweza kuieleza kwa kuwa sikuwa na taarifa za miamba iliyo chini, wala ujuzi wa kuzisoma." Angalia kilichotokea. Kuna kazi iliyofanyika, kuna jambo lililomshangaza, kuna mpaka wa anachokijua. Profesa wa jiokemia ambaye hajawahi kusikia jina Arumeru atasimama hapo, kwa sababu tatizo hilo analifahamu na angependa kujua jibu. Sentensi inayofuata inajiandika yenyewe: nini anataka kujifunza, na kwa nini akajifunzie katika idara ile yenye maabara ile.

Umaskini wa kwetu na magumu uliyoyapitia yana nafasi yake, lakini yaandike kwa kipimo. Yaeleze pale yanapofafanua kitu, kwa mfano muhula ulioshuka alama kwa sababu ya msiba au ada. Sentensi mbili zinatosha, kisha rudi kwenye kazi.

Barua pepe kwa msimamizi mtarajiwa inahitaji neno lake, hasa kwa wanaoomba uzamivu Uingereza na sehemu nyingi za Ulaya, ambako kumpata msimamizi mara nyingi hutangulia kupeleka maombi. Adabu yetu ya barua inaanza mbali: salamu, kuulizia afya, kumsifu mwenye cheo, kisha haja. Ni adabu nzuri, na mbele ya mzee sitaki mtu aiache. Kwa profesa wa ng'ambo anayepokea barua mia kwa siku, haja isipoonekana katika mistari mitatu ya kwanza hatafika iliko. Mwite kwa cheo na jina la ukoo. Jitambulishe kwa sentensi moja. Taja makala yake moja uliyoisoma yote, hata majedwali, na swali moja ambalo makala hiyo imekuachia. Eleza tasnifu yako kwa sentensi mbili, uliza kama anapokea wanafunzi mwaka huo, ambatisha wasifu, umalize. Asipojibu baada ya wiki mbili, mkumbushe mara moja. Akiendelea kunyamaza, andikia mwingine. Na barua moja iliyonakiliwa kwa maprofesa hamsini hujulikana tangu mstari wa kwanza.

Pesa inapaswa kuamua unaomba wapi, mapema kabisa. Watu wengi kwetu hawajui kwamba Marekani mtu mwenye shahada ya kwanza anaweza kuingia uzamivu moja kwa moja bila masta, na kwamba programu nyingi za uzamivu huko humlipia mwanafunzi ada na kumpa posho ya kujikimu, naye akifundisha au akifanya utafiti wa idara. Masta ya hukohuko mara nyingi unajilipia. Ada ya maombi inaweza kufika dola 100 kwa chuo kimoja. Iandikie ofisi ya udahili kabla ya kutuma, uombe usamehewe, maana vyuo vingi vina utaratibu huo. Chevening hulipia masta ya mwaka 1 Uingereza, hailipii uzamivu. Inataka angalau miaka 2 ya uzoefu wa kazi, inayohesabiwa kuwa saa 2,800, na ukimaliza unarudi nyumbani kwa miaka 2. Erasmus Mundus hukusomesha katika nchi zisizopungua mbili, na ufadhili wake ni euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, ingawa jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 hutoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Usidanganyike na neno "bure". Asiye na ufadhili huonyesha fedha za kujikimu kabla ya kupata viza, na tangu Septemba 2024 kiwango kimekuwa euro 11,904 kwa mwaka. Na yeyote anayekudai hela ili "akupitishie" Chevening ni tapeli, kwani kuiomba hakuna malipo.

Kusoma hapa nyumbani nakuhesabu kuwa chaguo kamili. Wangari Maathai alipata masta Pittsburgh mwaka 1966, akafanya utafiti Ujerumani, kisha akatunukiwa uzamivu wake Nairobi mwaka 1971. Leo kuna Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, kuna uzamivu wa Makerere katika taasisi yake ya utafiti wa jamii, na kuna CARTA, inayowasaidia wahadhiri wa vyuo wanachama kumaliza uzamivu katika afya ya umma na ya jamii. Kinachotesa wengi nyumbani ni usimamizi: sura inakaa kwa msimamizi miezi, mwanafunzi anakata tamaa. Kabla hujajisajili, waulize waliomaliza karibuni wamechukua miaka mingapi. Na kwa shahada yoyote ya nje, hasa ya mtandaoni, hakikisha kwa tume ya vyuo vikuu, TCU kwa Tanzania au CUE kwa Kenya, kwamba itatambuliwa kabla hujalipa hata senti.

Ukipata barua ya kukubaliwa, usisaini kwa furaha ya siku ileile. Vyuo vingi vya Marekani vilivyoridhia makubaliano ya Council of Graduate Schools havipaswi kukulazimisha kujibu ofa yenye ufadhili kabla ya 15 Aprili, kwa hiyo una nafasi ya kuuliza. Posho ni ya miezi 9 au 12? Bima ya afya iko ndani yake, na inamhusu mwenzi na watoto? Ufadhili una uhakika wa miaka mingapi, na unategemea nini? Kisha waandikie wanafunzi wawili wa msimamizi wako, mmoja wa mwaka wa kwanza na mmoja anayekaribia kumaliza, uwaulize rasimu ya sura hukaa naye kwa muda gani kabla ya kurudi.